Vunja Jungu Bila Beki wa Kushoto

Jumatano iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Bagamoyo kilitangaza kwamba muuza nyama wa karibu na soko amefariki dunia, na kwamba maziko ni siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja. Nikakaa kitandani na kile cha pili mkononi, na mke wangu akaja mlangoni akaniangalia tu, kwa maana naye alikuwa amesikia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua marehemu bila kumjua: ndiye yule "bwana wa bucha" ambaye kila nikiandika habari za mpira sikosi kumtia ndani, na wengine wenu mmewahi kuniuliza kama ni mtu kweli au nimemtunga. Alikuwa mtu kweli, tena mkali. Jina lake silitaji hata leo. Mwenyewe alinikataza akiwa hai, akisema jina la muuza nyama likionekana gazetini, watu watadhani kauza kibudu.

Ujanani alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mji huu, na hata baada ya kuacha mpira alikata nyama vile vile alivyokuwa akikaba, kwa pupa na kelele. Bucha lake lilikuwa na benchi nje, na benchi lile lilikuwa bunge letu la soka. Hoja iliyotawala miaka yote ilikuwa moja: je, ligi kuu irefushwe msimu wake au iachwe fupi ilivyokuwa? Yeye alitaka irefushwe, na hakutaka utani katika hilo. Ukikubaliana naye ulifungiwa mnofu. Ukimpinga, ulifika nyumbani ukafungua mfuko ukakuta mifupa, na mkeo akikuuliza umenunua nini, ujibu mwenyewe. Mimi nimekula mifupa mingi kwa sababu ya msimamo wangu, wallahi, na sikuacha kwenda.

Alikuwa na sababu, tena sababu ya damu. Kitindamimba wake ni beki wa kushoto kama baba yake, na alikuwa amesajiliwa na timu ya ligi kuu huko bara, kandokando ya ziwa. Msimu ukiisha, kijana alirudi nyumbani miezi na miezi, mshahara umekatika, akawa hana la kufanya ila kucheza ndondo, mpira wa mchangani, vijijini. "Mnaona?" marehemu alikuwa akisema huku kisu kikielea hewani. "Ligi imelala, mwanangu anakwenda kuvunjwa miguu Fukayosi kwenye uwanja wa visiki, akigombea mbuzi! Mbuzi mimi ninao bandani! Kazi gani hiyo ya kupumzika kuliko kufanya? Waongeze timu, vijana wacheze." Mwenye duka la vitambaa lililo mkabala na bucha, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa ambaye hata babu yake kafia hapa, ndiye pekee aliyeweza kumjibu bila kuhofia mifupa, kwa kuwa yeye hali nyama. Siku moja alivuka barabara akasema kwa upole wake, "Bwana, mimi saa saba mchana nafunga duka. Nakula, nanyoosha mgongo, jioni nafungua, na wateja wanarudi. Hiyo ligi yako ndefu itafunga saa ngapi?" Marehemu akapiga gogo la kukatia nyama kwa bapa la kisu. "Kitambaa hakiozi, bwana! Kitakungoja mpaka kiyama. Mchezaji ni nyama. Asipouzwa leo angali mbichi, kesho ni wa nzi." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, lakini hoja ilikuwa nzito, na sijapata kuisikia ikielezwa vizuri zaidi na wale wanaolipwa kuieleza. Miaka ya mchezaji ni michache. Kumnyima mechi ni kumnyima chakula.

Sasa niwaeleze kuhusu vunja jungu, kwa wale wasioishi pwani. Mwezi wa Shaabani ukifika ukingoni, kabla Mfungo wa Ramadhani haujaandama, watu hukusanyika wakala na kufurahi, na huko ndiko kuvunja jungu. Wengine huenda ufukweni, wengine hupika nyumbani. Mtaa wetu ulivunja jungu uwanjani, na mwenye shughuli alikuwa marehemu. Waliooa walicheza na makapera. Mbuzi walitoka kwake, mananasi yaliletwa kutoka Kiwangwa, kina mama walipika pilau pembeni chini ya turubai, na sheria ilikuwa moja isiyobadilika: timu iliyofungwa huosha masufuria mbele ya watu wote. Mwezi wa Mfungo huhama, haujali ratiba ya mtu, lakini ligi ilikuwa fupi na yenye mapengo, kwa hiyo kila mwaka vijana wetu waliosajiliwa mbali walipata upenyo wa kuja. Sitasahau mwaka ambao yule kitindamimba, akiwa ndiyo kwanza ameanza kuonekana kwenye televisheni, alikosa penalti na makapera wakafungwa. Baba yake alilibeba mwenyewe lile sufuria kubwa kuliko yote, likiwa limeshika ukoko mweusi, akalitua miguuni pake pamoja na makumbi ya nazi na majivu. "Huko bara wewe ni nyota," akamwambia. "Hapa sugua." Kijana akasugua huku akicheka, mikono myeusi mpaka viwikoni, na shangazi yake akampigia vigelegele. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulimtunza kwa ukoko. Marehemu alisimama amekunja mikono, anamtazama mwanawe, na katika miaka yote niliyomjua sijamwona akiwa na furaha kama ile.

Basi wenye ligi wakakisikia kilio cha kina muuza nyama. Timu zikaongezwa, msimu ukarefuka, na yale mapengo yaliyokuwapo yakazibwa kwa mashindano mengine. Siku habari zilipotoka, marehemu aligawa maini bure, hata mimi nikapewa, tena akanikonyeza. Mwaka ule kijana hakuja vunja jungu. Tulicheza bila yeye, na baba yake akazunguka uwanja mzima akijigamba, "Yuko kazini! Mwanangu yuko kazini!" Mwaka uliofuata wengine nao walibanwa na timu zao, makapera wakapungua, ikabidi waliooa wawaazime wachezaji. Mwaka huu hapakuwa na mechi kabisa. Marehemu alichinja mbuzi vile vile. Akamkata vipande, akafunga kwenye mifuko, akatupelekea nyumba kwa nyumba kwa mkono wake, na kila mlango alisema neno lile lile, kwamba vijana wako kazini. Sufuria langu nililiosha mwenyewe.

Alianza kuumwa baada ya Idi. Sukari, kisha figo, kisha yale ambayo madaktari huyasema kwa sauti ya chini. Nilikuwa nikienda kumtazama jioni, na mara nyingi nilimkuta ameshika simu, sura ya mwanawe imejaa kiooni, kijana akimwonyesha kitanda chake cha kambini na chandarua chake, kwa vile hakuwa na kingine cha kumwonyesha. Siku moja simu ilipokatika nikamuuliza, kwa sababu mimi na yeye hatukuwa watu wa kufichana: "Bado unataka ligi iwe ndefu?" Akailaza simu kifuani. Kisha akasema, "Nilitaka apate kazi ya mwaka mzima. Sikujua kwamba mwaka mzima ni mwaka mzima." Nikadhani amemaliza. Akanivuta mkono. "Mimi jirani akifiwa nafunga bucha. Nyama ikiharibika, iharibike. Mbona hilo sikuliwaza kwenye ligi?" Halafu ukali wake ukarudi kidogo: "Usiandike kwamba nimejuta, eh! Andika waitazame tena." Nimeandika, ndugu yangu. Umetangulia kabla hujasoma.

Nami naona, wasomaji wangu, kwamba jambo hili si la mpira peke yake. Zamani hapa kwetu matanga yalikwenda siku saba, na hakuna aliyemuuliza mfiwa atarudi lini kazini. Leo ni siku tatu, na siku ya pili wenye ajira wameshaanza kuchungulia simu zao. Tumeomba kazi, na tumefanya vyema kuomba, maana njaa haina heshima. Lakini tumeipokea kazi kama tulivyoipata, hatukuuliza ina nafasi ya kufiwa, ya kuuguza, ya kuoa, ya kusugua sufuria. Wapo wanaosema msimu urefushwe tena, kwamba wachezaji watalipwa zaidi, watazamaji watafurahi, na mama muuza karanga nje ya uwanja atapata wateja. Yote ni kweli. Mimi niliyekuwa nikipinga benchini pale nasema leo kwamba marehemu alikuwa na haki kuliko mimi: kijana asiye na mechi ni kijana anayeoza. Ila na yule mwenye vitambaa aliuliza swali, na mpaka leo hajajibiwa.

Tulizika Jumatano. Siku hiyo hiyo timu ya kijana ilikuwa ikicheza kule ziwani, na maiti haicheleweshwi, kwa hiyo tulizika bila yeye. Alifika Alhamisi, na kutoka kiwanja cha ndege alipitiliza mpaka makaburini akiwa na suti ya michezo ya timu yake. Nilimkuta amechuchumaa, anausawazisha udongo kwa viganja, udongo ambao tayari ulikuwa sawa. Tulipofika nyumbani, shangazi yake, yule wa vigelegele, akamshika mashavu na kumuuliza atakaa mpaka lini. "Mpaka kesho asubuhi, shangazi. Jioni tunacheza Dar." Mama yule akamwachia. "Na hitima ya baba yako? Si ni kesho alasiri?" Kijana akainamisha kichwa. Alitueleza kwamba mabeki wawili wameumia, timu iko mkiani, wakishuka daraja wote hawana kazi, na kwamba kocha mwenyewe alipompigia simu alikuwa akilia. Simlaumu kocha. Nimejitahidi kutafuta mtu wa kumlaumu na sijampata, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa desturi yetu mtoto wa marehemu hukaa jamvini, karibu na mlango, akapokea mikono ya wanaokuja kuhani. Ijumaa alfajiri kijana alinigongea nyumbani, begi begani. "Shikamoo, ami," akasema. Nikaitika marahaba. Akasimama pale akihangaika na mkanda wa begi, kisha akasema, "Ami, unikalie mahali pangu." Nikamwambia nenda mwanangu, nitakukalia. Nililia alipokata kona.

Alasiri ile nilikaa jamvini. Watu wakaja, poleni, tumeshapoa, poleni, tumeshapoa, mkono baada ya mkono. Hitima ikasomwa, dua ikaombwa, na wakati kahawa inapita, sauti ndogo ya mtangazaji wa mpira ikasikika pembeni kutoka kwenye simu ya mtu. Mzee mmoja akakemea, "Zima hiyo! Hamna haya?" Ni mwenye vitambaa, aliyekaa nyuma kabisa na kofia aliyoazima kwa heshima ya siku, ndiye aliyesema, "Mwacheni. Anayecheza humo ni mtoto wa marehemu." Basi simu ikawekwa katikati ya jamvi, tukasikiliza. Mpira ukapita upande wa kushoto, ukapita tena, na mara ya tatu wapinzani wakafunga. Mtangazaji akapandisha sauti: "Beki wa kushoto kasimama tu! Kasimama anautazama mpira unapita! Huyu si yule tunayemjua, jamani. Sijui leo kapatwa na nini!"

Irefusheni ligi, mabwana, kama mnaona inafaa. Sitawapinga tena. Ila mtakapokaa kupanga ratiba, kabla hamjaandika tarehe ya mechi ya kwanza, tengeni kwanza siku ambazo mchezaji ataruhusiwa kuwa mtoto wa mtu, na mkubaliane kwamba siku hizo timu itacheza na upungufu wake, kama sisi wengine tunavyofunga duka. Mtangazaji wa watu hakuwa na kosa, hakujua kijana kapatwa na nini. Jamvini tulijua sote, na mahali pake nilikuwa nimekaa mimi.