Nimewahi Kumwona Mjini

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, na naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilivaa suti ya kijani ya mtumba iliyonikaa kama imeshonwa kwa ajili yangu, na nilikuwa nimeketi nyuma ya meza ndefu katika ukumbi mmoja pale mtaa wa Satellite, Nairobi. Kifuani nilikuwa na beji ya chama.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja kwangu mimi nyanya yako, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa vitoa machozi, ukaniambia, "Shosho, hii serikali tuliipigia kura sisi wenyewe, na sasa inatuona takataka. Hii nchi si yetu." Sikukujibu. Nilikupa maji ya kunawa tu, maana jibu langu lilikuwa refu na linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Chama chetu kilikuwa kimeshinda uchaguzi mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo tulikuwa upinzani, na upinzani wa siku zile haukuwa mchezo. Mimi nilikuwa katibu wa vijana wa tawi letu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutembeza vikaratasi. Niliviweka ndani ya kiondo, chini kabisa, juu nikatandika sukuma wiki, nikapita navyo mbele ya polisi nikiwasalimu. Tuliposhinda, tulicheza barabarani mpaka kiatu changu kimoja kikakatika, nikaendelea na kimoja. Usinicheke. Nawe ungecheza.

Vikaratasi vile vilichapwa River Road, ghorofa ya chini, kwa Bwana Karim. Wachapishaji wengine walitukataa kwa kuogopa. Yeye alisoma ule mswada wetu wa kwanza akiwa amesimama, akauliza, "Mnataka ngapi?" Hakuuliza kitu kingine. Baadaye polisi walikuja mchana, wakang'oa sehemu za mtambo wake, wakamweka ndani siku nne. Alipotoka alitafuta vipuri, akatengeneza mtambo, akatuchapia tena.

Bwana Karim alikuwa Mhindi, Mwislamu, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa wino. Binti yake, Salma, alikuwa bado yuko shule, na likizo ikifika alikaa pale dukani akisoma kazi yetu kabla haijachapwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi katibu. "Dada Nekesa," alikuwa akiniambia, "hapa umeandika 'hawatatunyanganya'. Weka king'ong'o, ile alama ya ng'." Nami niliweka.

Sasa rudi na mimi ukumbini. Kazi ya kamati yetu ilikuwa kuwahoji waombaji wa kitambulisho ambao majina yao yalitiliwa shaka. Mwenye jina kama langu alijaza fomu akaenda zake. Mwenye jina la Kihindi au la Kisomali aliletwa mbele yetu athibitishe kwamba ni Mkenya. Tulikuwa sita: karani, wazee wanne wa mtaa, mmoja wao mwalimu mstaafu aliyeongoza kikao, na mimi mjumbe wa chama. Wiki iliyotangulia, mwenyekiti wetu wa chama alikuwa ametuita akatuambia tusilegeze kamba, kwamba watu wameanza kunung'unika kuwa chama kimewapa wageni nchi. Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeahidiwa kazi katika ofisi ya mheshimiwa, mbunge wetu, na nilitaka nionekane mtu wa kutegemewa.

Karani akaita jina. Akaingia Salma.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa, amejifunga mtandio mweupe, na mkononi ana bahasha ya vyeti. Aliponiona alitabasamu, akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

"Babu yako alizaliwa wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Alizaliwa Punjab. Alikuja hapa kijana, alikuwa seremala. Lakini baba yangu amezaliwa Nairobi. Mama pia. Na mimi."

"Lugha ya mama?"

"Kiswahili. Na Kipunjabi, lakini hicho ni cha kuongea na nyanya tu, na ananicheka."

"Kiswahili si kabila, msichana."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

"Tuletee cheti cha kuzaliwa cha babu."

"Huko kijijini hawakuwa na vyeti, mwalimu. Na tangu mipaka ibadilishwe, hicho kijiji sasa hivi kiko nchi ingine kabisa."

"Basi ni wewe mwenyewe unatuambia si wa hapa."

Salma akaniangalia. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Dada Nekesa ananijua. Anajua baba yangu. Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, na nisipopeleka namba ya kitambulisho kufikia mwisho wa mwezi wataipa mtu mwingine."

Mwalimu akanigeukia. "Mjumbe, unamfahamu huyu?"

Mwanangu, swali lenyewe lilikuwa jepesi. Lilihitaji neno moja. Nilimfikiria mwenyekiti, nikafikiria ile ofisi, nikaona macho ya wale wazee yamenikazia. Nikasema:

"Nimewahi kumwona mjini."

Salma hakulia wala hakubishana. Alirudisha vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, akasema asante, akatoka. Karani akaita jina lingine.

Jioni ile nilimkuta baba yangu nyumbani kwetu Riruta, akiosha gambuti, vile viatu vyake virefu vya mpira, kwenye bomba la nje. Baba alifanya kazi Dagoretti, kwenye machinjio, upande wa ngozi. Alizitia chumvi na kuzipanga tangu mimi sijazaliwa. Alipenda kujua habari za kamati, kwa sababu alijivunia kuwa binti yake anaketi na wakubwa. Nikamwambia yote, nikiongea haraka haraka kama mtu anayesimulia jambo dogo.

Alifunga bomba.

"Huyo ni mtoto wa yule Karim aliyefungwa kwa sababu ya karatasi zenu?"

"Ndiye."

"Na ulimjua?"

"Nilimjua, baba. Lakini sheria inataka cheti cha..."

"Sikuulizi sheria. Wewe, babako alizaliwa wapi?"

"Si Bungoma?"

"Nani alikuambia Bungoma?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, kama unavyojua vitu ambavyo hujawahi kuuliza.

"Mama yangu alikuwa ameolewa ng'ambo," baba akasema, "upande wa Uganda. Mimi nilizaliwa huko. Mume alipomfukuza, alinibeba mgongoni akavuka mpaka akarudi kwao Bungoma. Sina cheti. Siku niliyoenda kuchukua kitambulisho, karani aliuliza jina, nikasema Wafula, akasema haya weka kidole. Hakuna mtu aliniuliza kitu ingine. Jina lilitosha." Akachukua gambuti zake. "Huyo mtoto amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa. Mimi sikuzaliwa hapa. Na ni wewe binti yangu umemfukuza."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejua la kufanya.

Kesho yake nilienda mjini, ofisi mpya ya chama. Zamani tulikutana nyuma ya mkahawa, viti vichache na wengine wamesimama. Sasa kulikuwa na lifti, na msichana wa mapokezi ambaye hakunijua akanifanya ningoje saa tatu nzima. Mwenyekiti aliniita dada, akaniagizia chai, akanisikiliza huku akisoma simu. Nikamkumbusha Bwana Karim ni nani. Nikamkumbusha zile siku nne.

"Karim ni mtu mzuri sana," akasema. "Lakini Nekesa, fikiria. Hao ni kura ngapi? Wachache. Tukiwapitisha hao, wale wengi watasema tumewasahau."

"Tulisema haki kwa wote, Mwenyekiti. Mimi mwenyewe nilibeba hayo maneno kwa kiondo."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ile ilikuwa kampeni. Sasa tunaongoza. Kunywa chai."

Sikuinywa. Nataka ujue, mwanangu, kwamba hakuwa mtu mkatili. Nilimfahamu. Aliwahi kupigwa rungu la polisi akiwalinda wasichana wa tawi letu. Hilo ndilo lililonivunja moyo, maana angekuwa mwizi au mjinga ningempa yeye lawama yote nikaenda kulala. Alikuwa mtu mzuri aliyeanza kuwahesabu watu kwa kura, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake hodari.

Nikashuka, nikatembea hadi River Road. Ni karibu, lakini siku hiyo niliona mbali. Bwana Karim alikuwa akijisafisha wino kwa mafuta ya taa. Alinivutia kiti kama kawaida. Nikamwomba msamaha nikiwa bado nimesimama.

"Salma aliniambia ulikuwa pale," akasema. "Nikamwambia, si Nekesa huyo, labda ni mwingine anayefanana naye."

Nilitamani anitukane.

"Watu wananiuliza siku hizi," akaendelea, "Karim, chama chako kimekupa nini? Nawaambia sijawahi kuwa na chama. Nilichapa zile karatasi kwa sababu nilichoka kuogopa katika mji niliozaliwa. Bado nimechoka, Nekesa." Kisha akauliza, "Alhamisi ijayo mnakaa tena?"

"Tunakaa."

"Basi sema unachokijua. Hiyo tu. Msamaha tutaongea siku ingine."

Alhamisi ilipofika sikuketi nyuma ya meza. Nilibeba kiti changu nikakizungusha, nikakaa upande wa waombaji, kando ya Salma na baba yake. Mwalimu akashangaa.

"Wewe ni kamati ama ni nani?"

"Leo mimi ni shahidi. Wiki jana niliulizwa kama namjua huyu, nikasema nimewahi kumwona mjini. Nilidanganya. Namjua tangu akiwa na kimo hiki. Namjua baba yake. Huyu mzee alifungwa ili sisi tuweze kukaa kwenye hii meza."

Kisha nikasikia gambuti nyuma. Baba yangu alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, ananuka chumvi na ngozi, na sikuwa nimemwita. Akapita katikati ya watu, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani mbele ya karani.

"Mimi nilizaliwa Uganda," akasema. "Andika. Cheti cha babu sina, na cha kwangu sina. Kama huyu msichana si wa hapa, anza na mimi."

Niliogopa, maana jambo hilo lingeweza kumgharimu kitambulisho chake. Karani alikitazama kile kitambulisho kama kitu cha moto. Akakisukuma kwa kidole kimoja. "Mzee, chukua kitu yako. Hatujakuuliza."

"Ndiyo shida yenyewe," baba akasema, "mimi hamniulizi."

Mwalimu, naye nampa haki yake, aliivuta fomu ya Salma. Kisha akaweka sahihi. Mzee mmoja akatia yake. Wawili walikataa. Ikapita kwa kura ya karani, ambaye nadhani alitaka tu baba yangu aondoke.

Ningependa kukwambia mambo yakanyooka. Kitambulisho kilikuja baada ya miezi saba, na ile nafasi ya uuguzi ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine. Salma alingoja miaka miwili akapata chuo mbali na nyumbani. Leo ni muuguzi mkuu wa wadi. Tukikutana ananisalimu kwa adabu, ananiita Mama sasa, lakini ile Dada Nekesa haijarudi, na sijaidai. Baba yake alinisamehe kabla hajafariki. Salma mwenyewe hajaniambia hivyo, na ni haki yake.

Mimi niliondolewa tawini kwa barua ya mistari mitatu. Kazi ya ofisini ikayeyuka. Kwa mwaka mzima sikutaka kusikia redio ikitaja siasa, wala sikupiga kura iliyofuata. Nilisema kama wewe: si yetu. Baba ndiye aliyenitoa huko. Aliniuliza siku moja, "Hao watu wa chama ndio walikupa Kenya?" Nikasema hapana. "Basi wanakunyang'anya vipi?" Tangu hapo nimepiga kura kila uchaguzi, na kila uchaguzi unapokaribia nimemsindikiza mtu mmoja asiye na kitambulisho, nikaketi kando yake anapohojiwa. Ni kazi ndogo. Ukumbi ule sasa ni kanisa, tunaenda ofisi nyingine, lakini maswali ni yale yale.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mwanangu. Chama ni watu waliokubaliana kufanya kazi fulani. Wakiacha kuifanya, waambie, na wakikataa kusikia, waache. Usikipe ulimi wako. Kikikuudhi, kikasirikie chenyewe, usiikasirikie nchi, maana nchi ni Salma na baba yangu mtu wa ngozi na wewe uliyenawa macho kwangu. Na siku utakapokaa upande wenye nguvu, kwa sababu siku hiyo itafika, wewe ni mwerevu na mnasikilizwa siku hizi, mtu ataletwa mbele yako na utaulizwa kama unamfahamu. Usitazame kwanza ni nani anayekutazama. Sema ndiyo, namjua, hata kama kiti chako kitaondoka na neno hilo. Kiti utapata kingine. Mimi miaka yote hii ninatafuta namna ya kulirudisha lile jibu langu, na halirudi.

Mungu akutangulie unapotoka na akurudishe ukiwa mzima. Akupe sauti isiyonunulika na macho ya kuona mtu kabla ya jina lake. Watoto wako wasiulizwe kamwe babu yao alizaliwa wapi, na wakiulizwa, wasikose mtu wa kusimama kando yao. Amina.