Chumvi Iliyokunywa Hewa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana njo siku niliyofukuzwa masomo kwa sababu ya chumvi ya mama yangu. Usicheke. Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, hapa hapa Kindu, wakati wa utawala wa Wabeleji, na ulibaki mwaka mmoja tu niwe mwalimu.

Mubeleji aliyetufundisha, tuliyemwita Musieu, alitusomea habari za mtaalamu mmoja wa zamani huko Ulaya, mtoto wa mfuma nguo. Huyo alisema kila kitu, hata hewa, ni chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila aina ina uzito wake, na ukizichanganya au ukizitenganisha, hakuna inayopotea. Nilifurahi mno. Halafu Musieu akafunga kitabu, akasema: "Nyinyi mukariri tu. Kuvumbua si kazi ya watu weusi."

Eh! Damu ilinipanda. Nikasimama. "Musieu, mama yangu anayajua hayo. Anachoma majani ya mtoni, anachuja majivu kwa maji, anachemsha. Ndani ya maji chumvi haionekani, lakini iko. Maji yakikauka, inarudi yote."

"Yote? Leta tupime."

Kesho yake nilichota chumvi kwenye kibuyu cha jikoni bila kumwambia mama. Nikaipima mbele ya darasa, nikaiyeyusha, nikachemsha maji mpaka yakakauka, nikapima tena. Imepungua! Musieu alicheka akashika tumbo. "Chembe za watu weusi zimekimbilia porini!" Na wenzangu, mwanangu, wenzangu niliokula nao sahani moja, wakacheka pamoja naye. Akaniambia kesho asubuhi nisimame mbele ya wote, niseme kwa mdomo wangu kwamba mtu mweusi hawezi kuvumbua kitu. Nisiposema, nifunge virago.

Nilifika nyumbani nimenuna. Nikamlaumu mama, fikiria! Nikamwambia chumvi yake imeniaibisha. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Ulichukua ya wapi?"

"Ya kibuyu."

"Ya kibuyu! Weye mutoto, chumvi ya majani inakunywa maji ya hewa. Njo maana ile nzuri naifunga kwenye majani, naitundika juu ya moto. Ulipima chumvi na maji pamoja! Miaka yote unakula chumvi yangu, hata siku moja hukuniuliza naipika namna gani. Samahani utaomba kwangu, si kwa ule Muzungu."

Nilipiga magoti, nikaomba. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilimdharau aliyenizaa. Kumbe hewa hii tunayoivuta imebeba maji tusiyoyaona, na mama aliyajua kwa vidole vyake, wala hakusoma popote.

Asubuhi nikaenda na kifurushi kilichotoka juu ya moto, bado kina joto. Musieu akangoja niseme maneno yake. Watu husema mwenye nguvu mpishe. Sikumpisha! Nikavuta mizani. Akaniacha, akitaka kunicheka mara ya pili. Nikapima, nikayeyusha, nikachemsha kwa moto mdogo ili lisiruke hata tone. Ilipokauka kabisa nikapima tena, na mshale wa mizani ukasimama palepale pa kwanza.

"Musieu, njoo utazame."

Hakusogea. "Sema maneno niliyokupa."

"Nitasemaje uongo, na mizani iko hapa?"

"Toka!"

Nikatoka. Ualimu sikuupata. Nilikwenda kwenye migodi ya Kalima kuchimba madini ya bati, na mgongo huu ulipindia huko. Uliniuma moyo? Uliniuma sana, miaka mingi. Lakini nikirudishiwa siku ile leo, nitapima tena.

Basi sikia, mwanangu. Jambo likikuharibikia mbele ya watu, usikimbilie kukubali kwamba huna akili. Tafuta kwanza kilichoingia kwenye kipimo chako bila wewe kujua. Kuuliza si ujinga: waulize wanaoshika kazi kwa mikono, na uanze na waliomo nyumbani mwako. Na ukishauona ukweli kwa macho yako, usiuuze kwa cheti, hata cheti kiwe kitamu namna gani. Yule mtoto wa mfuma nguo hakuomba ruhusa ya mtu ili afikiri. Wewe utaomba ya nani?

Mungu akupe subira ya kupima mara mbili, akupe na shingo ngumu mbele ya anayekataa kutazama. Waliotutangulia wakufungulie njia. Na wakikufukuza kwa ajili ya kweli, mwanangu, toka kichwa juu, usigeuke nyuma.