Mwonja Chumvi wa Nyumba ya Wageni

Mfungo huu kazi ilinipeleka Bagamoyo, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni ya mama mmoja wa mji wa kale. Chumba cha pili alikuwamo bwana shamba, Mkristo kutoka Iringa. Mchana alijifungia ndani kula mkate mkavu, tena akiutafuna polepole, maana ukuta ulikuwa mwembamba na sisi wengine wote tumefunga.

Alasiri mama akamgongea, upawa mkononi. Bwana shamba akatoka anapangusa makombo mdomoni, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama. Unisamehe, mimi..."

"Marahaba, mwanangu. Nikusamehe nini? Njoo uonje chumvi. Nyumba nzima tumefunga, nani mwingine ataniambia?"

Akaonja mchuzi wa samaki, akafumba macho. "Bado kidogo." Mama akaongeza, wala hakubisha.

Magharibi tulifuturu naye mkeka mmoja. Kila tulipotia tonge alitukodolea macho kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mchuzi ulikuwa umekolea barabara.

Nimelala katika hoteli za Dar es Salaam ambako mgeni hufunguliwa mlango na mtu mwenye vifungo vya shaba. Zote zilinikaribisha vizuri. Hakuna hata moja iliyonihitaji.

Kesho yake mama akaja tena na upawa wake. Bwana shamba akarudi nyuma hatua moja.

"Leo siwezi, mama. Na mimi nimefunga."

Mama akashika kiuno. "Mungu akutakabalie, mwanangu. Sasa chumvi ataonja nani?"