Siku Shemeji Alipoitwa Uwanjani

Mume wa dada yangu alikuwa dobi, na watu walimwita Bwana Wanga kwa jinsi kola alizozitia wanga na kuzipiga pasi zilivyosimama wima kama askari wa gwaride. Kwa miaka ishirini na miwili alifua nguo nyeupe za timu ya taifa ya kriketi. Alikuwa mwoga, wala hakuficha. Mbwa akibweka mtaa wa pili, yeye alifunga mlango. Lakini katika kazi yake alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kitu chochote alichokikuta mfukoni mwa mteja, hata kiwe kifungo au tiketi kuukuu, alikifunga katika kikaratasi na kukibana kwa pini kwenye nguo ile ile.

Mwaka ule ilikuja timu ya ng'ambo kucheza mechi ya siku tano. Siku ya pili mchezo ulipokwisha, Shemeji alikuta katika suruali ya nahodha wetu kipande cha msasa kisichozidi kucha ya dole gumba. Hakukitilia maanani. Alikifunga, akakibana, na asubuhi akapeleka nguo katika chumba cha wachezaji.

Kumbe waamuzi walikwisha kuushuku mpira. Mpira wa kriketi ukikwaruzwa upande mmoja hupinda angani na kumhadaa mpigaji, na kuukwaruza ni udanganyifu mkubwa. Msimamizi wa mechi alipokuja kukagua chumba, alikiona kikaratasi, akakifungua mbele ya wote.

"Si changu," alisema nahodha. "Mwulizeni dobi. Yeye ndiye mwenye msasa, anasugulia pasi zake."

Na hilo la pasi lilikuwa kweli.

Habari ililetwa na mlinzi wa uwanja saa nne, nikiwa dukani nasubiri shati langu la kuendea shuleni nilikofundisha. "Bwana Wanga, unatakiwa uwanjani saa saba kwa habari ya msasa. Usichelewe, wakubwa wamekasirika."

Shemeji aliketi juu ya furushi la mashuka.

"Shemeji, wewe ulisoma kwa mapadre," aliniambia. "Mtu anaweza kufungwa kwa kipande cha msasa?"

"Sijui, shemeji yangu."

"Miaka kumi na mmoja ya misheni, ukaishia sijui!"

Dada alikwisha kuutoa msasa wenyewe chini ya meza ya pasi. Rangi yake ilikuwa ile ile, na kona moja haikuwapo.

"Baba watoto, nautia motoni sasa hivi," alisema dada. "Wakija kupekua wasikute kitu."

"Wewe! Wakiniuliza kama nina msasa, niseme nini?"

"Sema huna."

"Nitatetemeka, watajua. Mimi hata nikisema kweli natetemeka." Akauchukua mkononi mwake, akautia ndani ya shati.

Njiani alisimama mara tatu kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Sikumharakisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaza dada yangu atalala wapi duka likifungwa, maana walikaa chumba cha nyuma.

Ndani ya ofisi ya uwanja kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake msimamizi, nahodha wetu na nahodha wa wageni. Mimi niliachwa mlangoni. Msimamizi alipouliza kama ana msasa, Shemeji aliutoa, nao ulilia mikononi mwake kama jani kavu.

"Huu ni wangu, bwana. Rangi ni ile ile, na kona haipo, niliikata mwenyewe wiki iliyopita. Mkisema ni mimi, sina shahidi. Lakini kile kidogo nilikikuta mfukoni mwa nahodha, na vitu vya watu huwa ninavirudisha."

Kwa muda ule nilijua ameangamia, kwa kuwa alikuwa amejifunga kwa mkono wake. Ndipo nahodha wetu, aliyekuwa akiutazama msasa ule ukitetemeka mikononi mwa Shemeji, alipojifunika uso.

"Mwacheni mzee," alisema. "Ni changu. Niliukwaruza mpira mimi mwenyewe."

Alisimama, akamgeukia nahodha wa wageni. "Nimewaibia, ndugu yangu. Ushindi na uwe wenu."

Mgeni yule naye alisimama. "Nimekasirika sana," alisema, "na kesho huenda bado nitakuwa nimekasirika. Lakini ushindi wa mezani hatuutaki. Toka wewe, wenzako wabaki tucheze." Kisha akampa mkono.

Nahodha wetu alimwendea Shemeji. "Mzee wangu, nilikutwika wewe kosa langu kwa sababu nilijua huna wa kukutetea."

"Najua," alisema Shemeji. "Hilo ndilo lililoniuma tangu asubuhi." Aliukunja msasa wake. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila magoti yangu bado hayajapata habari. Naomba kiti."

Msimamizi alikohoa kuficha kicheko. Nahodha wa timu ya taifa alivuta kiti chake mwenyewe, akakipitisha kando ya meza hadi upande wetu, akakishika kwa mikono miwili mpaka dobi alipokwisha kuketi.