Mguu wa Mti Ziwani Nyasa

Nakumbuka asubuhi moja pale Kihagara, ziwa limetulia hata mitumbwi ikaonekana kama imening'inia hewani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimesimama mchangani na mguu wangu wa mti, najiandaa kudanganya mara ya pili.

Mara ya kwanza nilidanganya Mbinga mjini. Ngoja nikupangie mambo kwa mfuatano, mwanangu.

Mimi ni Mmatengo wa Matiri. Nyoka alinigonga shambani, jeraha likaharibika, wakanikata mguu wa kulia chini ya goti. Seremala mmoja wa misheni akanichongea mwingine wa mti mwepesi, wenye mikanda ya ngozi, nikarudi nao shambani. Kwetu tunalima ngoro: wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba miraba mlimani, wanawake tunachimba udongo wa katikati na kuyafukia, mpaka mlima wote unakuwa vishimo. Kazi hiyo ilinipa mabega. Mwalimu Ndunguru wa michezo aliponipa tufe kwenye majaribio ya Mbinga mjini, nililirusha mbali kuliko wasichana wote wenye ulemavu waliokuja siku ile.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Zamani ushirika ulitoa lori, timu nzima ikapanda na ngoma zake. Sasa ushirika unayumba, kahawa inanunuliwa na watu binafsi, na timu imepata gari dogo la kuazima. Kwa hiyo Mwalimu akatangaza kwamba atakayepata kiti kwenda mashindano ya taifa lazima awe na michezo miwili.

"Zaidi ya tufe, unaweza nini?" akaniuliza.

Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kuogelea."

Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye maji yaliyopita kiuno. Lakini kile kiti nilikitaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kuwa yule wa kuhurumiwa kanisani.

Majaribio ya kuogelea yakapangwa Kihagara. Tuligawanywa kwenye nyumba za wenyeji, mimi nikapelekwa kwa Bibi Edina, mjane aliyeishi kwa muhogo na kukausha usipa, dagaa wa ziwa lile. Asubuhi ya majaribio niliwahi ufukweni nijipime peke yangu. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu wa milimani: mti unaelea, mguu wangu ni wa mti, basi nami nitaelea. Sikumuuliza mtu, maana kuuliza kungenifichua.

Bibi alikuwa anageuza usipa kwenye kichanja.

"Mjukuu, huo mguu huuvui?"

"Nimeuzoea, bibi."

"Haya. Sisi huku tukiingia majini tunavua hata viatu," akasema, akacheka peke yake.

Nikatembea hadi maji yakanifika kifuani, nikajitupa. Mti uliniheshimu kwa namna yake. Ulipanda juu, ukaninyanyua paja, na kichwa kikaenda chini.

Mwanangu, kule chini kulikuwa kuzuri. Mwanga ulishuka kama kitambaa kinachoanguka polepole. Samaki wadogo wa buluu na wa njano walipita karibu na macho yangu bila haraka, kama waumini wanaotoka misa. Nikauona mlima wetu na ukungu wake, na mama ameinama akichimba, jembe lake halitoi sauti. Sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Kisha mkono ukanishika kanga mgongoni.

Bibi Edina alinikokota hadi mchangani, nguo zake zote zimelowa. Alisubiri nimalize kutapika maji.

"Mmatengo na ziwa, wapi na wapi," akasema. "Kulima ngoro nani alikufundisha?"

"Mama."

"Ulimwonea aibu?"

"Hapana, bibi."

"Na maji yana mama zake. Umelala nyumbani kwangu, umekula ugali wangu, ukashindwa kusema hujui?"

Akakamua kanga yake, halafu akasema, "Mwalimu wako anakuja. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nilimwambia mwenyewe. Mwalimu Ndunguru hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua daftari, akakata jina langu kwa mstari mmoja, kiti changu akampa kijana wa mkono mmoja wa Mbamba Bay. Gari likaondoka na vumbi lake.

Mimi nilibaki kwa Bibi. Kila asubuhi niliuacha mguu kichanjani kando ya usipa, naye akaniongoza kwa mkono hadi majini. Alinifundisha kulala chali, nilegeze shingo, niache masikio yajae. "Ziwa halishindani na wewe," alikuwa akisema. Mguu mmoja ukipiga maji, mwili unakwenda upande. Akanionyesha kunyoosha njia kwa mikono. Watoto wa pale waliniita Kambale, nami nikaitika.

Mwaka uliofuata nilipata kiti. Nilirusha tufe, nikaogelea, nikawa wa pili kutoka mwisho, na nilitoka majini nikicheka. Baadaye nikaongeza mkuki.

Miaka ikapita. Nikiwa Dar es Salaam mashindanoni, timu ya mpira wa wavu wa kukaa chini ikapungukiwa mtu mmoja. Nahodha wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mnadani, akapita akiuliza nani anajua. Mwenzangu mmoja akasema anajua. Mimi nikasema, "Sijui, dada. Nifundisheni."

Akatutupia macho sote wawili. "Njoo wewe. Wanaojua wamenichosha, kila mmoja ana ujuzi wake."

Nikakaa sakafuni nikiwa na moyo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mchezo huo ndio niliocheza muda mrefu kuliko yote, hadi mabega yalipokataa.

Mwanangu, ukitaka kitu sana, utajaribiwa kusema unakijua. Sema hujui, tena mapema, na useme kwa mtu aliye karibu nawe. Utapoteza nafasi mara moja au mbili. Mimi nilipoteza, na iliuma. Ila usiingie popote ukiwa na uongo ambao hakuna mwingine anayeujua, maana ukizidiwa, hakuna atakayejua pa kukushika.

Mungu akuzungushie watu wasiochoka kufundisha, na akupe ulimi mwepesi wa kuwaomba. Nenda, mwanangu, ukajifunze.