Neno Moja Likipotea

Baba yangu hakujua kusoma, lakini kitabu cha sheria za reli alikuwa nacho chote kichwani. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli pale stesheni ya Nakuru ili kila treni ishike njia yake, na kila mwaka alikuja mkaguzi wa Kizungu kumsikiliza akizitaja sheria hizo moja baada ya nyingine. Akikwama, kazi imekwisha, na chumba chetu kimoja cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kimekwisha pia. Tangu nilipoanza kutambua herufi, mimi ndiye niliyemsomea. Tulikaa mlangoni, vumbi jeupe la ziwa likituingia machoni, nikisoma mstari naye akiurudia. Akikosa neno, tulirudi mwanzo wa ukurasa.

"Neno moja ikipotea," alikuwa akiniambia, "treni mbili zinakutana."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, na hivyo ndivyo nilivyofaulu kila mtihani hadi nikapata nafasi ya chuo kikuu kule Uganda. Landi nzima ilinisindikiza stesheni. Akina mama waliimba nyimbo za kanisani hadi behewa la mwisho likapita, na mimi mjinga nikapunga mkono kama gavana.

Sitasema chuo kilikuwa kibaya. Nilikuwa na kitanda cha peke yangu, shuka mbili, na bomba la maji lisilo na foleni. Ila mwalimu wa historia alikuwa akiingia na joho lake jeusi, anazungumza saa nzima akitazama dirishani, kisha anatoka. Hakuandika ubaoni, wala hakutuambia turudie. Nilimkimbiza kwa kalamu nikiandika kila neno, hata kikohozi chake nusura nikiandike. Wenzangu walikaa wamekunja mikono. Wengine, makubwa haya, walimkatiza na kumwambia hawakubaliani naye. Niliona wamekosa adabu, nikangoja wafukuzwe. Yeye akatabasamu.

Kwenye mtihani wa kwanza tuliulizwa reli imewafanyia nini watu wa bara. Nilifurahi karibu nicheke. Nilikuwa na kurasa saba za mwalimu juu ya jambo hilo, nikazimwaga zote kwa mpangilio uleule, bila kupoteza hata nukta. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na chini yake mwalimu ameandika: "Haya ni maneno yangu. Yako yako wapi?"

Aliniita ofisini, akaniuliza kama niliingia na daftari kwenye mtihani. Mimi, mwizi? Hasira ilinipanda. Nikasimama wima mbele ya meza yake, mikono ubavuni kama baba mbele ya mkaguzi, nikamsomea kurasa zote saba kutoka kichwani. Alinisikiliza ameshika shavu. Nilipomaliza alisema ananiamini, tena kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko lile swali. Kisha akaniambia kwamba nikiandika hivyo tena mtihani wa mwisho wa mwaka, nafasi yangu atapewa mwingine. Ulikuwa umebaki muhula mmoja.

Nilikata tamaa, sina neno jingine la kusema. Kila siku baada ya masomo niliketi na karatasi tupu, nikaandika "Mimi nafikiri", na baada ya hapo hakikuja kitu. Nilifungulia maji bafuni ili nisisikike nikilia. Nilitamani niugue, ugonjwa wa kueleweka, nirudishwe nyumbani kwa heshima. Afya yangu, kwa ukaidi wake, ilikuwa nzuri.

Likizo ilipofika nikapanda treni kurudi Nakuru, ile karatasi nimeikunja ndani ya Biblia. Mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haiguswi na mwingine, lakini siku hiyo baba aliichukua kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu. Niliimeza bila kutafuna.

Jumapili baada ya kanisa watu walijaa uani. Baba alivaa koti, akaomba niwaeleze kidogo yale ninayofundishwa huko. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nilisimama, na kwa kuwa sikuwa na kingine, nikawapa hotuba ya mwalimu juu ya reli, kwa Kiingereza, kurasa zote saba. Hakuna aliyeelewa, na wote walipiga makofi. Jirani yetu bibi mmoja alisema Kiingereza changu kinateremka kama maji ya vilima vya Dundori. Baba hakupiga makofi. Alikuwa amenitazama midomo muda wote, kama nilivyokuwa nikimtazama yeye.

Saa kumi alikuwa na zamu, nikamsindikiza, nimembebea kibati chake cha chakula.

"Hukukwama hata mara moja," alisema tukitembea. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha, na hapo sikuweza tena kuficha.

Nilimwambia yote, haraka haraka, macho chini: mstari mwekundu, muhula mmoja uliobaki, kwamba kule kutokwama ndiko kunakonimaliza. Nilipomaliza tulikuwa tumefika kwenye reli. Sheria inasema anayevuka reli asizungumze, na baba hakuivunja hata siku ile. Tulivuka njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitazama kushoto na kulia kila mara. Upande wa pili alisimama akachukua kibati chake.

"Sasa hao watu wanataka nini?"

"Wanataka maneno yangu mwenyewe, baba. Juu ya reli."

Nyuma ya baba injini ilikuwa ikisukuma mabehewa ya mahindi, na ardhi ilitetemeka chini ya miguu yetu kama ilivyotetemeka chini ya kitanda nilichozaliwa juu yake. Alinitazama bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeuliza njia.

"Na uko nayo?"

"Mimi nafikiri," nilianza. Alinisubiri mpaka filimbi ya zamu ikalia, akaenda kazini.