Mtaro Ulipofika kwa Reuben

Kamanthe akisema jambo, limekwisha. Sisi wa Mumbuni tulimjua hivyo tangu alipofiwa na mumewe: mjane asiyeomba, asiyekopa na asiyesamehe. Mwaka 2009 kampuni ya intaneti ilipotuambia waya wake utaishia barabarani, na wa kuingia majumbani tununue wenyewe au tukodi kwake, ni yeye aliyesimama akasema tutaununua sisi, uwe wetu.

"Matuta ya shamba tumechimba tangu tuzaliwe," akatucheka. "Mtaro utatushinda?"

Nyumba ishirini na sita zikaingia mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, kila mtu na jembe lake. Kampuni ikatoa siku: Ijumaa, saa kumi. Waya wetu usipofika barabarani saa hiyo wataweka wao, na tutabaki wapangaji wa waya hadi kufa.

Ijumaa saa nane mtaro ukafika kwa Reuben, shamba la mwisho kabla ya barabara, upana wa hatua thelathini tu. Geti lilikuwa na kufuli.

"Hapa hampiti," Reuben akasema. "Kamanthe anajua niko na sababu gani."

Tulijua sote. Miaka kumi na moja nyuma, Ngina, mke wa Reuben, alilalamika kwamba Kamanthe alihamisha makonge ya mpaka akala hatua tatu za shamba lao. Tulimwamini mjane. Ngina akaitwa mwongo hadi kanisani, akafa na jina hilo. Mimi pia nilimwita hivyo, sijisafishi.

Tulimbembeleza Reuben, wapi! Barabarani mafundi wa kampuni walianza kushusha waya wao garini, nasi tunawaona. Nilimchukia mzee yule, nasema wazi.

Saa tisa unusu Kamanthe akatoka mtaroni, udongo hadi magotini. Nilidhani anakwenda kumtukana.

"Makonge nilihamisha mimi," akasema chini chini. "Ngina alisema ukweli."

Tuliokuwa karibu tulisikia.

"Sema kwa sauti, Kamanthe." Reuben akatunyoshea kidole. "Mimi nilijua siku zote. Waambie hawa waliomcheka."

Kamanthe akatugeukia. Mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona akilia alishika kichwa, akayasema yote kwa Kikamba, kwa sauti iliyowafanya hata mafundi wageuke. Alilitaja jina la Ngina mara tatu.

Reuben akafungua geti. Zilibaki dakika ishirini. Tulichimba bega kwa bega, waya wetu ukafika barabarani kabla ya saa kumi, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni.